Jinsi ya Kujifunza Kutengeneza Tovuti kwa Kozi Shirikishi za Mtandaoni, Kuanzia Somo la Kwanza Hadi Siku ya Kuondoka Kwenye Kozi

Kozi shirikishi ya mtandaoni ni ile inayokuwekea maelezo upande mmoja wa skrini, uwanja wa kuandikia msimbo upande wa pili, na mara nyingi dirisha la tatu linaloonyesha matokeo papo hapo. Unasoma aya mbili, unaandika mistari michache, unabofya kitufe cha kukagua, na mashine inakujibu kama umepatia au umekosea. Njia hii imewafungulia watu wengi mlango wa fani ya utengenezaji wa tovuti, kwa sababu haikulazimishi kusakinisha programu yoyote kabla ya kuanza, na jibu lake hulipata ndani ya sekunde chache badala ya kusubiri hadi mwalimu apate nafasi ya kusahihisha.

Urahisi huohuo ndio wenye mtego. Nilipokuwa najifunza, nilimaliza sehemu nzima ya JavaScript, lugha inayoupa ukurasa tabia, katika kozi mojawapo, kila somo likiwa na tiki ya kijani. Siku niliyofungua faili langu mwenyewe nikaandika msimbo uleule, kitufe nilichokitengeneza hakikufanya lolote kilipobofywa. Kivinjari kilikuwa kikilalamika kwa maneno "Cannot read properties of null", nami sikujua hata mahali pa kuyasoma malalamiko hayo. Ilinichukua siku mbili kutambua kwamba faili la JavaScript lilikuwa likisomwa kabla kitufe chenyewe hakijawekwa kwenye ukurasa, na kwamba neno moja tu, `defer`, ndani ya tagi ya script (alama inayoliita faili hilo kwenye ukurasa), lilitosha kuondoa tatizo. Kozi haikuwa imenifundisha jambo hilo kwa sababu ndani ya kozi halitokei: ni kozi iliyokuwa ikiyaunganisha mafaili yangu pasipo mimi kuona.

Kwa hiyo mwongozo huu unashikilia kanuni moja tangu mwanzo hadi mwisho. Somo halijaisha pale mashine inapokupa tiki; limeisha pale unapoweza kuliandika upya kwenye faili tupu, katika kompyuta yako, bila kuchungulia.

Hatua ya 1: Chagua kozi moja na ushikamane nayo

Kozi zenye sifa nzuri ni nyingi, na tofauti zake ni kubwa kuliko zinavyoonekana kwa juu. freeCodeCamp, iliyoanzishwa na Quincy Larson mwaka 2014, inaendeshwa na shirika lisilo la faida, masomo yake ni ya bure, na vyeti vyake vinakudai miradi unayoijenga mwenyewe. Codecademy, iliyoanza mwaka 2011, ni miongoni mwa waliotangulia kuweka uwanja wa msimbo ndani ya kivinjari. Sehemu ya masomo yake ni ya bure na sehemu nyingine ni ya kulipia. Scrimba hutumia video za aina yake, ambazo unaweza kuzisimamisha katikati na kuubadilisha msimbo wa mwalimu palepale. The Odin Project nayo ni ya bure, lakini haina kiwanja cha kukukagulia kila mstari: mapema kabisa inakuelekeza kufanya kazi katika kompyuta yako mwenyewe.

Ushauri wangu kwa anayeanza kutoka sifuri ni aanze na kozi yenye kumkagua kila mstari, kama freeCodeCamp, kwa ajili ya HTML (lugha ya yaliyomo katika ukurasa) na CSS (lugha ya mwonekano wake), kisha kabla hajaingia ndani sana katika JavaScript ajizoeshe namna ya The Odin Project ya kufanya kazi nje ya kozi. Asiyeweza kuvumilia kufungwa ndani ya kiwanja anaweza kuanza moja kwa moja na hiyo ya pili, ingawa wiki za mwanzo zitakuwa nzito.

Kozi yoyote usiyoifahamu ipime kwa maswali matatu kabla ya kuipa muda wako. Je, inakutaka uandike mistari kamili, au inakutaka ujaze neno moja kwenye pengo? Je, kuna miradi isiyo na maelekezo ya hatua kwa hatua? Na je, ni ya kisasa? Swali hili la tatu hujibika haraka. Fungua somo la JavaScript linalohusu vibadilika (majina yanayobeba thamani): ukikuta kila kitu kinatangazwa kwa `var`, bila kutajwa `let` na `const` zilizoingia katika lugha hiyo mwaka 2015, kozi hiyo imepitwa na wakati. Fungua pia somo la mpangilio wa ukurasa: kozi isiyofundisha flexbox na grid, njia za CSS za kupanga vipengele vya ukurasa, itakufundisha mbinu ambazo utalazimika kuzisahau baadaye.

Ukishachagua, usihame. Anayeanza kozi nne hufundishwa tagi za vichwa vya habari mara nne, na somo la fanksheni (vipande vya msimbo vinavyoitwa kwa jina) halifikii hata mara moja.

Hatua ya 2: Andaa mahali pa kazi kabla ya somo la kwanza

Watu wengi huahirisha hatua hii hadi watakapomaliza kozi, jambo ambalo naliona kuwa kosa la msingi. Sakinisha kihariri cha msimbo siku ileile unayojiandikisha. Visual Studio Code ya Microsoft ni ya bure na inatosha kwa kila kitu kilichomo katika mwongozo huu, ingawa kihariri kingine chochote cha msimbo kitafaa.

Tengeneza folda moja kubwa ya mafunzo, na ndani yake folda ndogo kwa kila somo. Faili la kwanza la kila folda liite `index.html`, kwa sababu seva nyingi (kompyuta zinazotoa tovuti) hulitafuta faili la jina hilo kwanza mtu anapofungua anwani ya tovuti. Majina yote yaandike kwa herufi ndogo, na mahali pa nafasi weka kistari, kwa mfano `picha-ya-juu.jpg`. Kanuni hii huonekana ndogo hadi siku ya kuweka tovuti hewani, na nitairudia huko mbele. Washa pia mpangilio wa kompyuta unaoonyesha viambishi vya mwisho vya majina ya mafaili, la sivyo unaweza kuhangaika saa nzima na faili linaloitwa kumbe `index.html.txt`, ambalo kivinjari kinalionyesha kama maandishi matupu.

Kwa kawaida simu janja inatosha kusomea masomo, lakini haitoshi kuandikia. Mwenye simu pekee anaweza kusoma na kufanya mazoezi mafupi, ila atenge muda wa kuipata kompyuta kwa ajili ya sehemu ya faili tupu, hata kama ni mara mbili tu kwa wiki.

Hatua ya 3: Fuata mpangilio ambao teknolojia zenyewe zilizaliwa nao

Tim Berners-Lee alitoa pendekezo la wavuti mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, na tovuti ya kwanza ikawa hewani mwaka 1991 ikiwa na HTML peke yake. CSS ilipendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994, pale ilipodhihirika kwamba waandishi wa kurasa walitaka kuamua sura yake. JavaScript ilifuata mwaka 1995, iliyoandikwa na Brendan Eich kwa siku kumi katika kampuni ya Netscape, ili ukurasa uweze kumjibu msomaji. Mpangilio huo ndio unaofaa kujifunzia: kwanza maana ya kila sehemu ya ukurasa, kisha mwonekano wake, kisha tabia yake.

HTML huonekana rahisi kiasi kwamba wengi huikimbia kwa siku mbili. Tatizo ni kwamba mashine ya kozi hukagua kama tagi ipo, na kwa nadra sana hukagua kama ndiyo tagi inayostahili. Unaweza kutengeneza kitufe kwa tagi ya div (kisanduku kisicho na maana maalumu), ukakipaka rangi, kikabofyeka, na tiki ikatoka. Lakini mtu anayetumia kibodi pekee, kwa sababu hawezi kushika kipanya, atabonyeza Tab mara zote bila kukifikia kitufe hicho. Kwa kila tagi unayojifunza, jiulize ni nani anayeitegemea zaidi ya macho yako. Tagi ya `button` ifikiwe kwa kibodi, kila kisanduku cha fomu kiwe na `label` yake, na kila picha yenye habari iwe na maelezo ya `alt`, kwa kuwa kuna watu wanaosomewa ukurasa na programu badala ya kuutazama.

Katika CSS, somo linalostahili muda mrefu kuliko yote ni lile la vipimo vya kisanduku. Chukua mfano huu na uufanye kwa mkono wako. Umekipa kisanduku upana wa pikseli 300, ukakiwekea nafasi ya ndani ya pikseli 20 na mpaka wa pikseli 5. Ukikipima kwenye kivinjari utakuta kina pikseli 350, kwa sababu nafasi ya ndani imeongezwa pande zote mbili, ikawa 40, na mpaka pande zote mbili, ukawa 10. Visanduku viwili vya `inline-block` ulivyotarajia vikae sambamba katika nafasi ya pikseli 620 sasa vinadai zaidi ya 700, na cha pili kinashuka chini. Ukiandika `box-sizing: border-box`, upana wa 300 unabaki 300, na visanduku vinarudi sambamba. Baadhi ya kozi huwa zimeiweka kanuni hiyo tayari katika faili usiloliona, ndiyo maana mpangilio unaopendeza ndani ya kozi huvunjika ukiuhamishia kwenye folda yako.

Jambo lingine la aina hiyo ni tagi ya `meta` yenye `viewport`. Ikikosekana, simu nyingi huuchora ukurasa kana kwamba skrini ina upana wa pikseli 980, kisha huupunguza hadi maandishi yakawa madogo yasiyosomeka. Mwanafunzi hukimbilia kuongeza ukubwa wa fonti, ilhali kilichokosekana ni mstari mmoja kwenye kichwa cha faili.

JavaScript itakuchukua muda mrefu kuliko hizo mbili zikijumlishwa, na hakuna ubaya wowote katika hilo. Lugha hii ina tabia kadhaa zinazomshangaza kila mgeni. Andika `"5" + 3` utapata `"53"`, kwa kuwa alama ya kujumlisha ikikutana na maandishi huunganisha. Andika `"5" - 3` utapata 2, kwa kuwa alama ya kutoa haina maana nyingine ila hesabu. Kozi itakuonyesha jambo hili mara moja kisha itaendelea mbele. Wewe usiendelee mbele nayo kabla hujajua kwamba chochote ambacho mtu anakiandika kwenye kisanduku cha fomu hukufikia kama maandishi, hata akiwa ameandika tarakimu tupu.

Usiingie kwenye React au maktaba nyingine kubwa ya msimbo ulioandikwa tayari kabla hujaweza kutengeneza orodha ya mambo ya kufanya, inayoongeza na kufuta vipengele, kwa JavaScript tupu. React ilitolewa na Facebook mwaka 2013 ili kurahisisha kazi ambayo waliifahamu kwa undani. Asiyeifahamu kazi hiyo hataona ni kitu gani kimerahisishwa.

Hatua ya 4: Lipitie kila somo kwa mzunguko huu

Hapa ndipo tofauti kati ya anayejifunza na anayekusanya tiki inapojitokeza, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu.

Soma maelezo ya somo hadi mwisho kabla ya kugusa kibodi. Kisha, kabla ya kubofya kitufe cha kukagua, tabiri kwa maneno kitakachotokea. Sema, hata kwa sauti, kwamba "neno hili litasogea katikati" au "orodha hii itabaki na vipengele vitatu". Utabiri ukitimia, umeelewa. Usipotimia na mashine ikakupa tiki hata hivyo, hapo ndipo pa kusimama, kwa sababu umepatia jibu kwa sababu usiyoijua.

Andika kila herufi mwenyewe. Usinakili na kubandika hata mstari mfupi, kwa kuwa mabano yanayosahaulika, alama za nukuu zisizofungwa na herufi kubwa zilizowekwa mahali pa ndogo ndizo zitakazokutesa baadaye, na vidole hujifunza kuziona mapema kuliko macho.

Baada ya tiki, uharibu msimbo kwa makusudi. Tuseme somo lilikuwa la flexbox, na umeandika `display: flex` pamoja na `justify-content: center`, vipengele vikaja katikati. Ondoa mstari wa kwanza ubakishe wa pili, uone kwamba wa pili peke yake hauna nguvu. Urudishe, kisha ongeza `flex-direction: column`, uone kwamba vipengele sasa vimepangwa wima na kwamba `justify-content` imeacha kuvipanga kushoto na kulia, ikawa inavipanga juu na chini. Dakika tano za namna hii zitakufundisha kwamba kanuni ile haikuwa ya "katikati" bali ya "katikati kwa kufuata mhimili mkuu", jambo ambalo aya ya somo ililisema bila wewe kulisikia.

Kisha funga dirisha la kozi. Fungua kihariri chako, tengeneza folda mpya, na uandike kitu kilekile kutoka mwanzo, pamoja na yale ambayo kozi ilikuwekea: tangazo la aina ya faili, kichwa, kiungo cha CSS, tagi ya script. Ukikwama, rudi ukasome, funga tena, uanze upya. Sehemu hii huchosha, nami nasisitiza kwamba usiiruke hata siku moja.

Kesho yake, kabla ya kuanza somo jipya, andika tena lile la jana kwenye faili tupu. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alionyesha, kwa kujipima mwenyewe kwa orodha za silabi zisizo na maana, kwamba tulichokariri hupotea kwa kasi sana katika saa za mwanzo kisha kasi hupungua, na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku hushinda yale yaliyorundikwa kwa siku moja. Anayemaliza masomo kumi Jumamosi na kupumzika hadi Jumamosi inayofuata anajenga juu ya kitu ambacho sehemu yake kubwa imekwishaondoka.

Hatua ya 5: Jifunze kukwama kwa utaratibu

Utakwama, na kozi itakupa kitufe cha kidokezo na kingine cha kuonyesha jibu. Jiwekee sharti la dakika 20 za kujaribu kabla ya kidokezo, na usifungue jibu kabla ya kidokezo hicho kushindwa.

Katika dakika hizo, anza kwa kutofautisha makosa ya aina mbili. Kuna kosa la msimbo wako, na kuna kutolingana na kile mkaguzi wa kozi alichotarajia. Mkaguzi hutaka wakati mwingine neno lilelile, herufi kubwa ileile na nafasi ileile. Msimbo wako unaweza kuwa sahihi kabisa ilhali umeandika "Karibu" badala ya "karibu". Dirisha la matokeo likionyesha ulichokusudia, soma upya maagizo neno kwa neno. Lisipokionyesha, tatizo ni lako.

Nje ya kozi, bonyeza F12 katika vivinjari vingi vya kompyuta, ufungue sehemu ya konsoli. Ujumbe mwekundu utakaoukuta una mambo matatu ya kusoma: aina ya kosa, jina la faili, na namba ya mstari. Ukiona `ReferenceError`, umetaja jina ambalo halijatangazwa au umelikosea tahajia. Ukiona `TypeError`, kitu kipo lakini si cha aina uliyodhani, kama kitufe changu kile ambacho kilikuwa bado hakijawekwa. Nenda kwenye mstari huo, kisha tazama na ule uliotangulia, kwa kuwa mabano yaliyosahaulika hulalamikiwa mbele ya mahali yaliposahaulika. Tumia `console.log` kuchapisha thamani unayoishuku. Ukishaelewa kosa, liandike katika daftari: ujumbe wenyewe, sababu yake, na dawa yake. Daftari langu la makosa lilinifaa kuliko maelezo yote niliyoyanakili kutoka kwenye masomo.

Kwa maana halisi ya tagi, kanuni au fanksheni, zoea kusoma MDN Web Docs, marejeo ya mtandaoni ya teknolojia za wavuti. Mwanzoni kurasa zake zitaonekana ngumu. Anza na mifano iliyomo, ambayo mingi unaweza kuibadilisha palepale.

Ukiamua kumwuliza mtu, mweleze ulichotarajia, kilichotokea, na msimbo mfupi kabisa unaotosha kulionyesha tatizo. Mara nyingi kuupunguza msimbo huo ndiko kunakolifichua kosa kabla hujatuma swali. Programu za akili mnemba nazo zina mahali pake, nami ningependa utumie kauli mbili tu katika miezi ya mwanzo: "nieleze ujumbe huu wa kosa" na "nieleze mstari huu unafanya nini". Ukiiomba ikuandikie jibu la somo, umefungua kitufe cha kuonyesha jibu kwa jina jingine.

Hatua ya 6: Kila sehemu ikiisha, jenga kitu ambacho kozi haikukuagiza

Baada ya HTML na CSS, jenga kurasa mbili au tatu zilizounganishwa kuhusu jambo unalolijua vizuri. Baada ya misingi ya JavaScript, jenga kigeuzi cha vipimo, na hiki nitakionyesha kwa karibu kwa sababu kimebeba mafunzo mengi katika mistari michache.

Kigeuzi cha nyuzi za Selsiasi kwenda Farenihaiti kinahitaji kisanduku kimoja, kitufe kimoja na mahali pa jibu. Kanuni yake ni kuzidisha kwa 9, kugawanya kwa 5, na kujumlisha 32. Unaisoma thamani ya kisanduku, unaigeuza kuwa namba kwa `Number()`, unafanya hesabu, unaandika jibu. Unajaribu 0 unapata 32, unajaribu 100 unapata 212, na mkaguzi wa kozi angekupa tiki hapo hapo. Sasa kiache kisanduku kitupu na ubofye kitufe. Utapata 32, kana kwamba mtu ameandika sifuri, kwa sababu `Number("")` ni sifuri katika JavaScript. Andika neno badala ya namba, utapata `NaN` (yaani "si namba") mbele ya macho ya msomaji. Huna budi kuamua: ukikuta kisanduku kitupu utamwambia nini mtumiaji, na akiandika herufi utamwambia nini? Hakuna somo litakaloamua kwa niaba yako, na kuamua huko ndiko kazi yenyewe ya kutengeneza tovuti.

Mradi wa tatu uwe orodha inayokumbuka yaliyomo hata ukurasa ukifungwa, kwa kutumia `localStorage`, hifadhi iliyo ndani ya kivinjari. Wa nne uchukue data kutoka kwenye API ya wazi (huduma inayozipa programu nyingine data) kwa `fetch`, fanksheni ya JavaScript ya kuomba data, na uwe na ujumbe wa kueleweka pale intaneti inapokatika.

Hatua ya 7: Hifadhi historia ya kazi yako na uiweke hewani

Jifunze Git, programu ya kutunza historia ya msimbo iliyoandikwa na Linus Torvalds mwaka 2005, mara tu unapokuwa na mradi wa pili. Amri nne zinatosha kwa kuanzia: `git init`, `git add`, `git commit` na `git push`. Kila unapomaliza kipande kinachofanya kazi, kihifadhi kwa ujumbe mfupi unaosema kilichobadilika. Kisha fungua akaunti ya GitHub, tovuti ya kuhifadhia miradi ya Git, upandishe mradi, na uutoe hewani kwa GitHub Pages, huduma yake ya kuweka tovuti hewani, ambayo kwa mradi ulio wazi kwa umma haina malipo.

Hapa ndipo ile kanuni ya herufi ndogo inapolipa. Kwenye kompyuta yenye Windows, `Picha.JPG` na `picha.jpg` huhesabiwa kuwa faili moja, hivyo ukurasa wako utaonyesha picha bila shida. Kwenye GitHub Pages na seva nyingi nyingine hayo ni majina mawili tofauti, na picha itatoweka huku konsoli ikionyesha namba 404, yaani faili halikupatikana. Ukiona jambo linafanya kazi kwako na limekataa hewani, chunguza majina na njia za mafaili kabla ya kugusa kitu kingine.

Hatua ya 8: Panga muda, na uvipe vyeti uzito wake

Kwa miaka mingi freeCodeCamp ilikadiria takriban saa 300 kwa cheti kimoja. Kwa saa moja kwa siku hizo ni siku 300. Kwa saa mbili ni siku 150. Panga kwa hesabu hiyo, usipange kwa matangazo yanayoahidi wiki chache. Kati ya kila saa moja, ningetenga dakika 10 za kurudia somo la jana, dakika 25 za somo jipya, na zilizobaki ziwe za faili tupu.

Kozi nyingi huhesabu siku ambazo hujakosa kuingia, na hesabu hiyo inaweza kukusukuma kufanya somo jepesi usiku wa manane ili tu isikatike. Iache ikatike. Cheti nacho kichukue ukikipata, lakini anayetaka kukupa kazi ataomba kiungo cha kitu ulichokijenga, na atauliza kwa nini ulikijenga hivyo.

Hatua ya 9: Tambua siku ya kuondoka

Jipe jaribio hili mwishoni mwa kila mwezi. Fungua folda tupu, na ndani ya saa tatu utengeneze ukurasa mmoja unaosomeka kwenye simu na kwenye kompyuta, wenye fomu inayokagua majibu, orodha inayojazwa na fomu hiyo, na yaliyomo yanayobaki baada ya kufunga kivinjari. Kisha uuweke hewani. Unaruhusiwa kusoma MDN, huruhusiwi kufungua kozi. Ukikwama kwenye sehemu moja, iandike, na mwezi unaofuata urudi kwenye kozi kwa ajili ya masomo ya sehemu hiyo peke yake. Mwezi utakaofika mwisho wa jaribio bila kuwa na cha kuandika, funga akaunti ya kozi iliyobaki nusu, na ufungue folda ya mradi unaofuata.